Wembe Ulioniruka

Mama yangu wa Dilala,

Barua hii naiandika wazi, anayetaka kuisoma aisome. Najua ungekunja uso. Kwako mambo ya nyumba yalikuwa yaishie kizingitini, na ukinikuta napiga domo na jirani uani ulikuwa unaniita ndani kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko fimbo. Lakini siri imetuchosha, mama. Wewe imekuchosha hadi umeondoka nayo, na mimi sina kifua chako cha kuhifadhi mambo. Ulinijua tangu utotoni kuwa ni mtu wa mdomo.

Nianze na asubuhi ya kuondoa kilio, kwa sababu hiyo hukuiona. Ilikuwa siku ya nne baada ya kukuzika. Tulikaa kwenye mkeka chini ya mparachichi wako, na tantine Odette, mdogo wako, alikuwa na beseni la maji, kipande cha sabuni na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Kwetu mtoto aliyefiwa na mama hunyolewa asubuhi hiyo, kichwa chote, ili kila anayekutana naye njiani ajue bila kuuliza. Kaka Jeannot alitangulia. Nywele zake siku hizi zina mvi, na zilipoanguka mkekani nilimwona baba waziwazi. Kisha ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeshafungua kitambaa na kuinamisha shingo. Nikasikia maji yanamwagwa. Nilipoinua kichwa, tantine alikuwa anaurudisha wembe kwenye karatasi.

"Tantine, na mi?"

"We hapana, Ntumba. Tutasemea ndani."

"Ndani juu ya nini? Mi si mutoto wa mama?"

Wamama wa kanisa waliokuwa wanasugua masufuria waliacha kusugua. Unanijua, hasira yangu hupanda kabla ya maji kuchemka. Nilisimama na kichwa wazi mbele ya watu wote, nikasema tantine ana roho mbaya, ana wivu na wewe tangu mko wasichana, na maneno mengine ambayo hadi leo sijamaliza kuyaombea radhi. Yeye aliushika tu ule wembe kifuani kwa mikono miwili na kulia.

Hakuna kitu ambacho kingeniuma zaidi, mama, kwa sababu kichwa hiki kilikuwa chako. Kila Jumapili baada ya misa ulinikalisha katikati ya magoti yako, mlangoni pale penye mwanga, ukanisuka. Mikono yako ilinuka mafuta ya mawese na sabuni ya kufulia. Nilikuwa napiga kelele kabla hata hujashika chanuo, nawe unasema, "Kichwa yako iko nguvu kama maneno yako." Ukimaliza ulikuwa unanifunika macho kwa kiganja, unanipuliza utosini, ndipo unaniachia niende kucheza. Hata nilipoolewa nilikuwa natoka kwangu kuja kusukwa na wewe, na mume wangu Patrick ananicheka kwamba mke wake bado ana miaka saba.

Na jina langu. Baba na wewe wote ni watu wa kaskazini, na mimi naitwa Ntumba, jina la watu wa Kasai. Shuleni waliniuliza, nami nikakuuliza. Ulikuwa unachambua sombe, majani ya muhogo ya jioni. Ulisema, "Ni jina ya rafiki yangu. Alienda mbali." Nikauliza kama alikuwa mzuri. Ukasema, "Sana." Ukaendelea kuchambua jani moja hilo hilo hadi likaisha mikononi.

Sasa tuje kwenye mbuzi, maana ndipo mimi na wewe tulipoanza kuvunjika.

Ndugu za Patrick, watu wa Kasai waliozaliwa hapahapa Kolwezi, walileta mahari yote kama ilivyoandikwa, na juu yake mbuzi jike mwekundu amefungwa kamba ya bluu. Mbuzi wa mama. Hagawanywi, hauzwi, hata baba hamgusi, ni wa yule aliyemzaa bibi harusi. Wote wanalijua hilo, wao na sisi. Mama mkwe wangu alimvuta mwenyewe hadi miguuni pako, akapiga magoti, akakunyooshea kamba. Wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele. Wewe ukaiangalia ile kamba. Ukarudisha mikono yako ndani ya kikwembe ulichojifunga.

"Mi siwezi kupokea," ulisema. "Mumufunge pale. Atakaa."

Vigelegele vilikatika. Mjomba wa Patrick aliuliza kama mbuzi ana kasoro. Ukasema hana. Akauliza kama wao ndio wenye kasoro. Ukaingia jikoni. Mama mkwe wangu aliinuka na vumbi magotini, na tangu siku ile kwake ulikuwa "ule mama wa kaskazini anayechukia batu ya Kasai." Miaka tisa nimeishi na neno hilo mezani pangu, mama. Kila ubatizo, kila sikukuu, hadi pale mwanangu wa kwanza alipoumwa, mtu alikumbusha kwamba mama yake Ntumba alikataa mbuzi. Nilikuja kukuuliza mara kumi. Mara kumi ulinipa chakula.

Kisha mbuzi akatoweka uani kwako, na zikaanza Jumamosi zako. Ulikuwa unavaa kikwembe kizuri, unapanda teksi-moto, pikipiki ya kukodi, unarudi jioni na viatu vyenye vumbi jeupe. Ukiulizwa, ulikwenda kutembea. Mtu wa kutembea wewe, uliyekuwa ukilalamika hadi sokoni ni mbali! Jumamosi moja nikapanda teksi-moto nyingine na kukufuata. Tulipita Kingamyambo, pale wanapochakata upya mchanga uliokwisha kuchujwa madini, tukakata njia ya mashamba. Nikakuona unashuka kwenye nyumba ndogo ya matofali. Mwanamume akatoka na kigoda, akakifuta kwa mkono, ukakaa. Alikuinamia akakuambia kitu, nawe ukafunika uso. Nilimwambia dereva ageuze. Niliona nimeona vya kutosha, na hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote.

Siku ya pili yake nilikuja jikoni kwako nikakuambia baba amelala kaburini na wewe una mwanamume wa Jumamosi. Nilisema mbuzi wangu umempa hawara. Ulikuwa unasonga bukari, ugali wetu. Uliitoa sufuria motoni, ukaifunika vizuri, ukanigeukia.

"Siku moja utajua," ulisema. "Siku ile utanihukumu weye mwenyewe. Leo kula."

Sikula. Sikuja tena miezi saba. Nilirudi pale Jeannot aliponiita kwamba huinuki kitandani. Nilikuosha, nilikulisha uji, nilikusuka hata wewe mara moja, vibaya, na ulicheka. Lakini lile neno sikuliondoa. Nilikuwa nangoja uanze wewe, nawe labda ulikuwa unaningoja mimi, na wakati ukatuishia tukiwa tunaongelea uji.

Sasa rudi nami chumbani kwako asubuhi ile ya wembe. Tantine Odette alifunga mlango, akakaa kwenye kitanda chako kilichotolewa godoro, akaniambia yote kwa mpigo kama mtu anayetapika.

Wakati ule watu wa Kasai wanafukuzwa hapa Kolwezi warudi kwao, na familia nzima nzima zinakaa stesheni na vyombo vyao kungoja treni, wewe ulikuwa na siku kumi tangu umzike mtoto wako wa kike. Alizaliwa, akaumwa, akafa. Kitambaa ulichofunga kifuani kilikuwa kinalowa maziwa. Rafiki yako Ntumba, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, alikuwa stesheni na mtoto wa wiki tatu, naye maziwa yalikuwa yamemkauka kwa njaa na hofu. Ulikuwa unampelekea chakula. Siku ya tatu alikuwekea mtoto mikononi, ukamnyonyesha palepale, juu ya mizigo ya watu. Mtoto alipomaliza alilala. Ntumba alimtazama akasema umlinde mpaka atakaporudi, kwa sababu treni ile mtoto hataiweza.

"Ule mutoto njo weye," alisema tantine.

Kaka Jeannot alikuwa na miaka mitano. Nilimwita ndani nikamuuliza anakumbuka nini. Alijipapasa kichwa chake kilichonyolewa, akasema anakumbuka tu kwamba mtoto alikuwa mgonjwa sana, akapelekwa, halafu baba akamwambia mtoto amepona. Maisha yake yote ameamini nilipona.

Nikamuuliza tantine, basi kama nilinyonya kwako, nimelelewa na wewe, kwa nini wembe uniruke? Akasema, "Mutoto hanyolewi juu ya lufu ya mama, kama mama mwenye alimuzaa eko muzima. Ni kumuitia lufu, kumuitia kifo. Na sisi hatujue kama eko muzima ao alikufa. Tulimukosea ule mwanamuke mara moja, Ntumba. Mi siwezi kumukosea mara mbili."

Mara moja ipi? Hapo alikataa kumaliza. Aliniambia tu niende nikamtafute mzee mmoja, tata Ilunga, ng'ambo ya Kingamyambo. Ndiye mwanamume wako wa Jumamosi, mama.

Nilikwenda na kikwembe changu cha msiba. Ni mzee mwenye kikohozi, aliyefanya kazi na baba kwenye karakana. Alinifutia kigoda kama alivyokufutia wewe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi, na ndani yake mbuzi kumi na wanne, wengi wao wekundu. Alimleta mmoja aliyezeeka, amechakaa masikio, shingoni ana kamba ya bluu iliyopauka. Akasema huyu ndiye, na wale wote ni watoto na wajukuu zake. Katika miaka tisa hakuchinjwa hata mmoja. Ulikuwa unakuja na chumvi, unawalambisha mkononi, unawakagua kwato, kisha unauliza swali lile lile, kama wafanyabiashara wa mahindi waliotoka Kasai wamefika, na kama kuna yeyote anayemjua Ntumba.

"Mama yako alisema ni mbuzi ya mwenyewe," tata Ilunga aliniambia. "Mwenyewe atakuya."

"Na juu ya nini alikuwa analia hapa kwako?"

Akaniambia. Nilipokuwa na miaka sita, mfanyakazi mmoja wa treni alileta habari kwamba Ntumba ametoka Mwene-Ditu, kule Kasai, anakuja kumchukua mwanawe. Siku mbili tu baadaye, baba akabadilishana nyumba na tata Ilunga. Yeye akaingia yetu ya zamani, sisi tukahamia yake ya Dilala. Nakukumbuka kule kuhama, mama! Nakumbuka nimekaa juu ya magunia kwenye mkokoteni, nimepakata sufuria, nawe unatembea pembeni umenishika mguu njia nzima. Nilidhani unaogopa nisianguke.

"Alipiga hodi," alisema tata Ilunga. "Mi njo nilifungua mulango. Aliuliza bale benye nyumba beko wapi. Nilisema sibajue. Alikaa pa kizingiti mpaka jua lilizama. Bibi yangu alimupa mayi. Kisha akaenda."

Sitakudanganya, nilikuchukia. Nilirudi Dilala nikaketi kwenye chumba chako na kukuchukia wiki nzima. Nilifikiria yule mwanamke kwenye kizingiti na maji ya huruma ya mke wa tata Ilunga, na mimi nusu saa kutoka pale, nikiruka kamba. Halafu nilikuwa nawaza ule mguu wangu mkononi mwako, na nguo zako zilizolowa maziwa, na yule mtoto wa siku chache ambaye hata jina lake sijui, na chuki inakosa mahali pa kukaa. Ulifanya ubaya, mama. Uliufanya kwa sababu yangu. Ukauishi kila siku ukiniita kwa jina la uliyemkosea, kuanzia asubuhi ukiniamsha mpaka usiku ukinifunika. Sijui mtu mwingine aliyejipa adhabu ya namna hiyo na kuivaa kama kitu cha kawaida.

Aliyempata yule mwanamke wa kizingitini ni mama mkwe wangu. Ndiyo, yeye. Nilimweleza nikitegemea atasema nilijua. Alikuwa anamenya vitunguu. Aliweka kisu chini, akavua kitambaa kichwani, akaomboleza kwa sauti kama msiba ndio kwanza umefika.

"Alituheshimu," alisema. "Mwanamuke asiyekuzaa akila ile mbuzi, mabaya inaanguka juu ya mutoto. Alijua. Na sisi tulimutukana miaka tisa yote!"

Toka siku ile simu yake haikupoa. Aliwapigia binamu, wachungaji, wauza samaki wa Mwene-Ditu, wake wa wafanyakazi wa treni. Baada ya wiki sita akanipigia nikiwa sokoni. Alisema neno moja tu, "Eko," yaani yuko, yu hai, nikakaa chini juu ya viazi vya mtu.

Mama Ntumba aliwasili Jumanne iliyopita. Siku nyingi za treni hadi Lubumbashi, kisha basi. Nilimjua kabla hajashuka, kwa kuwa alikuwa anagombana na kondakta kuhusu mfuko wake, na sauti ilikuwa yangu. Ni mfupi, ana mguu mmoja unaouma. Tulisimama pale katikati ya matope na mapikipiki bila kushikana, hatukujua pa kuanzia. Kisha akanigusa nywele, akaniambia, "Majina yangu," kama watu wanavyoitana hapa wenye jina moja. Jina langu alilisikia kwenye simu, lakini hakujua nililipata kwa nani. Nilipomwambia ulinipa jina hilo wewe, alinifanya niseme tena.

Nikamleta kwako Dilala. Jeannot alikuwepo, tantine alikuwepo amejificha jikoni, na tata Ilunga alikuwa ameleta mbuzi mzee kwa gari la kukodi. Mzee alipomwona mama Ntumba alijaribu kupiga magoti, kikohozi kikamkamata. Mama Ntumba akamshika kiwiko. "Bibi yako alinipa mayi," alimwambia. "Ile siku mayi ilikuwa mingi."

Nilimpa kamba ya bluu kwa mikono miwili. Aliipokea. Alimtazama mbuzi usoni kwa muda mrefu, akamfunga mwenyewe kwenye mparachichi, akasema, "Nimepokea," na vigelegele vilivyokatika siku ya harusi yangu vikamaliziwa na mama mkwe wangu peke yake, huku analia.

Halafu akataka kujua yote juu yako. Ulikuwa unapika nini, uliimba sauti gani kanisani, ulikufa na maumivu au bila maumivu. Nilimwambia pia lile neno la hawara nisiloliondoa. Alisikiliza. Akasema alikukasirikia miaka mingi, alikuwa anakulaani akipepeta unga, akipanda mihogo, kila kazi ya mikono. Kisha akasema watoto watatu walifia kwenye treni yake kabla haijafika Kamina, na akinyamaza usiku alikuwa anajua wake hayumo kati yao. "Niliomba Mungu animupe tena. Sikumuomba amunyanganye yeye. Sikuweza."

Kisha akaniangalia kichwani. Zile nywele zilikuwa na miezi mingi bila kusukwa, nimezifunga tu nyuma, sina wa kunisuka.

"Juu ya nini hauna kichwa ya kilio?" aliuliza.

Tantine Odette alitoka jikoni. Akamweleza kwa sauti ndogo, wembe, na kwa nini, na kwamba aliogopa kumwitia kifo. Mama Ntumba alimsikiliza hadi mwisho. Alijiinua kwa ule mguu mbaya, akavuta kigoda chako, kile cha kunisukia, akakiweka mlangoni penye mwanga. Hakuna aliyemwonyesha.

"Mi niko hapa, niko muzima, kila mutu ananiona," alisema. "Mama yake njo amekufa. Leta wembe."

Tantine alikuwa nao, mama. Ule ule, kwenye karatasi yake, kwenye kifundo cha kikwembe. Alikuwa anatembea nao tangu asubuhi ile.

Nilikaa katikati ya magoti ya mama yangu aliyenizaa, naye akaninyoa kwa ajili yako. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Sikupiga kelele. Nywele zote ulizozisuka ziliangukia kwenye kikwembe chako, na alipomaliza alinipuliza utosini, nikajua uliitoa wapi ile pumzi, kwake, enzi za ukuta kwa ukuta.

Ulisema siku nitakayojua nitakuhukumu mimi mwenyewe. Nimejua. Leo asubuhi nimepita sokoni na kichwa wazi, na watu nisiowajua wakawa wananisimamisha, wananishika mkono, wananiambia pole kwa mama. Nami nikawa naitikia, kila mmoja, asante, asante, nimefiwa na mama.

Lala sasa. Lile neno la jikoni nimeliondoa.

Mimi, mutoto wako,
Ntumba